Jinsi ya kufuma ribu ya msokoto kwenye shingo ya soksi

Makala hii ni kwa wakimbizi na wenyeji wa Kampala wanaofuma kwa mkono, au wanaotaka kuanza. Inaeleza jinsi ya kufuma shingo ya soksi yenye pambo la kamba ndogo zilizosokotwa, jinsi ya kuipima kabla ya kuendelea, na jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kuuza.

Kwa ufupi:
- Ribu ya msokoto inahitaji sindano za kawaida tu. Haihitaji kifaa kingine.
- Msokoto hupunguza mvutiko. Usipokuwa makini, soksi itakuwa nzuri kwa macho lakini haitapita kisigino.
- Pima shingo ya soksi mara unapoimaliza. Kufumua sentimita sita ni kazi ya dakika chache, lakini kufumua soksi nzima ni hasara ya siku.
- Kwa biashara, soksi za watoto wachanga mara nyingi hulipa vizuri zaidi kuliko za watu wazima.

Ribu ni nini?

Ribu ni ile michirizi ya wima unayoiona kwenye shingo ya soksi, kwenye mikono ya sweta na kwenye kiuno chake. Inavutika ukiivaa, kisha inarudi na kubana. Bila ribu soksi inateremka hadi kwenye kiatu, na mtoto anatembea njia nzima ya shule akiinama kuipandisha.

Hapa Kampala watu wanaijua kazi hii kwa majina mengi. Waganda husema okuluka kwa kufuma au kusuka, na soksi huziita sitookisi. Waliotoka Kongo na Burundi wengi huiita triko, jina waliloachiwa na masista, shule na vituo vya akina mama. Jina lolote unalotumia, vitanzi ni vilevile viwili.

Kitanzi laini (L): uzi unakaa nyuma ya kazi, na sindano inaingia kutoka mbele kwenda nyuma. Ukikitazama, kinafanana na herufi V. Wengine huita pleni. Waliojifunza kwa Kifaransa husema endroit.

Kitanzi cha nundu (N): uzi unakaa mbele ya kazi, na sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele. Ukikitazama, unaona nundu ndogo iliyolala. Wengine huita pali. Kwa Kifaransa ni envers.

Ukifuma L mbili, N mbili, na kurudia hivyo mzunguko mzima, safu za L zinajitokeza na safu za N zinarudi ndani. Kitambaa kinajikunja kama kodiani. Mikunjo hiyo ndiyo mvutiko wa ribu.

Msokoto unafanya nini?

Katika ribu ya msokoto, zile L mbili zinapishana kila baada ya mizunguko michache. Zinapopishana mara nyingi, jicho linaona kamba ndogo inayopanda kwenye mguu.

Lakini vitanzi vinavyopishana vinashikana. Pale penye msokoto, kitambaa kinakaza na hakivutiki sana. Ndiyo maana tunasokota mara moja tu katika mizunguko minne. Mizunguko mitatu inabaki ribu ya kawaida, na hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kuvutika. Wengine husokota kila mzunguko wa pili ili kamba ionekane nene. Inapendeza, lakini shingo inabana. Fanya hivyo kwenye kofia au mkoba, si kwenye soksi.

Vifaa

Uzi. Uzi mwingi unaouzwa madukani na sokoni hapa mjini ni wa akriliki. Chagua mwembamba, ule wa nguo za watoto. Pea ya mtu mzima inakula gramu 70 hadi 100, na pea ya mtoto mchanga gramu 20 hadi 25. Unaweza pia kununua sweta la mitumba na kulifumua. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele zilizosukwa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu au nne, uloweke, kisha uanike ukining'inia mpaka unyooke. Ukiufuma kabla ya kunyooka, vitanzi havitalingana.

Sindano. Kwa soksi unahitaji sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili: nne zinashika kazi, ya tano inafuma. Kama huzipati, wafumaji wengi wa Afrika Mashariki hutengeneza kwa spoki za baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 au zaidi kidogo, na huo ndio unene unaofaa soksi. Kata kichwa kilichopinda na upande wenye skrubu, ubakize sentimita 18 hadi 20. Sugua ncha zote mbili kwenye saruji mpaka ziwe za duara, kisha maliza kwa msasa. Osha grisi kwa sabuni kabla ya kugusa uzi. Weka mbali na watoto.

Vingine. Futi kamba ya kupimia, mkasi, sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, na kipande cha uzi wa rangi nyingine cha kuonyesha mwanzo wa mzunguko.

Hatua ya 1: Pima mguu

Chukua vipimo viwili.

Cha kwanza ni mzunguko wa mguu juu kidogo ya kifundo, pale shingo ya soksi itakapokaa.

Cha pili ni mzunguko wa kisigino: zungusha futi kutoka ncha ya kisigino, upite juu ya mguu pale unapokunjika, urudi kisigino. Kipimo hiki ni kikubwa kuliko cha kwanza, na wafumaji wengi hukisahau. Soksi lazima ipite hapa kabla ya kufika juu.

Hatua ya 2: Hesabu vitanzi

Fuma kwanza kitambaa kidogo cha majaribio. Anzisha vitanzi 30, fuma mstari mmoja L na mstari wa kurudi N, mpaka upate sentimita sita au saba. Kilaze bila kukivuta. Katikati yake, hesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 5, kisha gawanya kwa 5. Tuseme umepata vitanzi 15: hivyo ni vitanzi 3 kwa sentimita.

Sasa tuseme mguu una sentimita 20 juu ya kifundo.

20 × 3 = 60.
Toa sehemu moja ya kumi, ili soksi ibane kidogo: 60 − 6 = 54.
Panda hadi namba inayogawanyika kwa 4: 56.

Panda, usishuke. Msokoto unavuta kitambaa ndani, kwa hiyo vile vitanzi viwili vya ziada vina kazi yake.

Usichukue namba za mwenzako bila kupima. Mikono haifanani: mmoja anakaza uzi, mwingine anaulegeza, na kwa uzi uleule soksi zinatoka tofauti.

Hatua ya 3: Anzisha kwa ulegevu

Mwanzo ukikaza, ribu yote chini yake haina faida. Shika sindano mbili kwa pamoja, anzisha vitanzi 56 juu ya zote mbili, kisha chomoa moja. Vitanzi vitabaki na nafasi.

Gawa vitanzi kwenye sindano nne hivi: 16, 12, 16, 12. Usigawe 14 kila moja. Kila sindano inapaswa kuanza na L mbili na kumaliza na N mbili, ili jozi ya msokoto isigawanywe kati ya sindano mbili.

Laza kazi mezani na uhakikishe ukingo wote unatazama ndani, haujajipinda. Ukiunganisha mzunguko uliopinda, hakuna njia ya kuunyoosha baadaye isipokuwa kufumua. Funga uzi wa alama mwanzoni.

Hatua ya 4: Fuma ribu

Mzunguko wa 1, wa 2 na wa 3: L2, N2, rudia hadi mwisho.

Mzunguko wa 4: sokota L2, fuma N2, rudia hadi mwisho.

Kusokota L2 ni hivi:

1. Ingiza sindano ya kulia ndani ya L zote mbili kwa pamoja, kama mtu anayetaka kuzifanya kuwa kitanzi kimoja.
2. Vuta uzi upate kitanzi kipya, lakini usiachie vile vya zamani. Vibaki kwenye sindano ya kushoto.
3. Ingiza sindano ya kulia tena, safari hii ndani ya kitanzi cha kwanza peke yake, kile kilicho karibu na ncha. Kifume L.
4. Sasa achia vyote viwili.

Umeingia na vitanzi viwili, umetoka na viwili. Idadi haibadiliki. Kamba itaegemea kulia.

Rudia mizunguko hii minne mara sita, kisha pima. Shingo ya sentimita 5 au 6 inatosha.

Ukitaka soksi ya pili itazamane na ya kwanza, sokota kuelekea kushoto. Pitisha sindano ya kulia nyuma ya kitanzi cha kwanza, fuma kitanzi cha pili kwa kuingia mgongoni mwake bila kukiachia, kisha fuma cha kwanza kwa kawaida, uachie vyote viwili. Si lazima. Pea yenye kamba zote za kulia si kosa.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kuendelea

Hapa ndipo soksi inapopona au kuharibika. Shingo ikiwa bado kwenye sindano, ukingo wake wa mwanzo uko huru. Uvute kwa mikono miwili juu ya futi. Ukipata sentimita 13 upande mmoja, mzunguko mzima ni 26. Linganisha na mzunguko wa kisigino ulioupima katika hatua ya 1.

- Ikifika bila kulazimisha, endelea.
- Ukingo ukikataa lakini ribu chini yake inavutika, tatizo ni mwanzo uliokaza. Fumua, anzisha upya kwa ulegevu.
- Ukingo na ribu vyote vikikataa, ongeza vitanzi 4, au sokota kila mzunguko wa sita badala ya wa nne.
- Ikivutika lakini hairudi, uzi umechoka au vitanzi ni vingi mno. Punguza vitanzi 4 au tumia sindano nyembamba zaidi.

Baada ya hapo fuma mguu na kisigino kwa njia uliyoizoea. Kamba zinaweza kuendelea juu ya mguu hadi karibu na vidole. Chini ya unyayo fuma L tupu, kwa sababu nundu zinasumbua ndani ya kiatu.

Kwa anayeanza: soksi ya mtoto isiyo na kisigino

Kama hujawahi kufuma kisigino, anza na soksi ya mtoto wa miezi 6 hadi 12. Ni bomba la ribu lililofungwa mwisho. Kwa kuwa inavutika pande zote, inakaa mguuni bila kisigino. Hesabu hii inafaa kama unapata vitanzi 3 kwa sentimita.

Anzisha vitanzi 40, uvigawe 12, 8, 12, 8. Fuma ribu ya msokoto kwa sentimita 6, kisha ribu ya kawaida ya L2, N2 mpaka urefu wote ufike sentimita 15. Halafu funga vidole:

- Mzunguko wa kupunguza: L3, viwili kwa pamoja, rudia. Vinabaki 32.
- Mzunguko mmoja L tupu.
- L2, viwili kwa pamoja, rudia. Vinabaki 24.
- Mzunguko mmoja L tupu.
- L1, viwili kwa pamoja, rudia. Vinabaki 16.
- Mzunguko mmoja L tupu.
- Viwili kwa pamoja mzunguko mzima. Vinabaki 8.

Kata uzi, upitishe ndani ya vitanzi 8 kwa sindano ya kushonea, vuta, na ufiche mkia wake.

Tahadhari: kabla ya kumvalisha mtoto, geuza soksi ndani nje. Uzi wowote unaoning'inia unaweza kujifunga kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu, naye hawezi kusema kinachomuuma. Shona mikia yote ndani ya kitambaa na kata kinachobaki.

Makosa yanayotokea mara nyingi

Kuna ngazi ya vitanzi vilivyolegea kati ya sindano. Vuta uzi vizuri kwenye vitanzi viwili vya kwanza vya kila sindano mpya.

Kamba moja inaegemea kushoto na nyingine kulia. Mahali fulani umebadilisha namna ya kusokota. Fumua hadi mzunguko ule. Kosa hili halijifichi.

Vitanzi vimepungua. Katika kusokota umeachia vitanzi vya zamani kabla ya kufuma cha kwanza mara ya pili. Hesabu kila sindano baada ya kila mzunguko wa 4.

Ribu imelala baada ya kupigwa pasi. Akriliki ikipata joto kali inalegea na hairudi tena. Usiipige pasi, iwe ya umeme au ya mkaa. Ioshe kwa maji ya kawaida, ikamue ndani ya taulo, na uianike ikiwa imelazwa. Mwambie na mteja hivyo.

Alama nyekundu mguuni. Soksi inabana. Mwenye kisukari au miguu inayovimba asivae shingo iliyokaza. Mfumie ribu ya kawaida bila msokoto, na uongeze vitanzi 4 au 8.

Ukitaka kuuza

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi aliyesajiliwa kufanya kazi na biashara. Hata hivyo, taratibu za mji zinawahusu wote. Kuuza barabarani bila leseni kunaweza kukufanya upoteze bidhaa zako mikononi mwa askari wa KCCA. Ni salama zaidi kuuza kwa oda, kwa majirani, kanisani au msikitini baada ya ibada, au kumpa bidhaa mwenye duka au kibanda chenye leseni.

Usishindane na soksi za kiwandani. Mashine inafuma soksi kwa dakika chache, na zile za mitumba zinauzwa kwa bei ambayo mkono hauwezi kuifikia. Kabla ya kupanga bei, andika mambo matatu: umenunua uzi kwa kiasi gani, umefuma masaa mangapi, na mteja yuko tayari kutoa nini.

Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako. Tuseme pea ya mtu mzima imekula uzi wa shilingi 4,000 na masaa 10, ukaiuza 10,000. Kinachobaki ni 6,000, yaani shilingi 600 kwa saa. Pea ya mtoto imekula uzi wa 1,500 na masaa 4, ukaiuza 7,000. Kinachobaki ni 5,500, yaani shilingi 1,375 kwa saa. Soksi ya bei ndogo imekulipa zaidi ya mara mbili ya ile ya bei kubwa. Pia mteja wake yuko tayari: mtu anayekwenda kumwona mzazi hapendi kwenda mikono mitupu.

Mambo mengine ya kukumbuka:

- Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, watu hutafuta vitu vya joto. Anza kufuma mwezi mmoja kabla.
- Usifume soksi za shule bila kuuliza. Shule nyingi zina rangi yake, na nyingine hazikubali pambo lolote.
- Kwa oda, omba pesa ya uzi kwanza. Mteja akibadili mawazo, utakuwa umepoteza muda tu, si mtaji.
- Weka kando soksi moja ya mfano yenye msokoto safi. Mteja akiivuta kwa mkono wake na kuona inarudi, hutahitaji maneno mengi.

Wapi pa kujifunza zaidi

Mashirika kadhaa ya Kampala yana madarasa ya kazi za mikono kwa wakimbizi na wenyeji. YARID, iliyoanzishwa na wakimbizi wa Kongo mwaka 2007 huko Nsambya, na Jesuit Refugee Service wamefundisha stadi za kujitegemea kama ushonaji. Uliza kama kuna darasa la kufuma kwa sasa, au kama wewe na wenzako mnaweza kuomba nafasi ya kukutana. Mara nyingi mwalimu yuko karibu kuliko unavyodhani: ni yule mama wa mtaani kwako anayefuma mlangoni jioni. Mpelekee mzunguko wako wa nne, naye ataona kosa kabla hujamaliza kulieleza.